Mikono ya Kristen Stewart

Mwaka 2013 Kristen Stewart alitunukiwa Golden Raspberry, ile tuzo ya kejeli wanayopewa walioigiza vibaya kuliko wote Hollywood, kwa filamu ya mwisho ya Twilight pamoja na Snow White and the Huntsman. Februari 2015 alipanda jukwaani Paris kupokea César, tuzo ya sinema ya Ufaransa, ya mwigizaji bora wa kike msaidizi, na hakuna mwigizaji wa kike kutoka Marekani aliyewahi kuipata kabla yake. Miaka miwili tu. Hadithi inayopendwa kusimuliwa ni kwamba katika miaka hiyo binti alikua, akajifunza kazi, akaachana na mambo ya kitoto. Nimezitazama filamu za pande zote mbili nikitafuta huko kukua, na kila mara namkuta mwigizaji yule yule, vidole vile vile, midomo ile ile. Waliobadilika ni waongozaji: wapi wanaiweka kamera, wanamkata lini, na wanampa nini cha kushika.

Tuanze na hizo ishara zenyewe. Stewart hamalizi sentensi kirahisi. Huianza, huikatiza, humeza mate, hutazama pembeni, kisha huimalizia mbio mbio kama anayetaka kuachana nayo. Mkono hupanda kichwani kurudisha nyuma nywele ambazo wala hazikuwa zimemwangukia usoni. Meno hukamata mdomo wa chini. Macho hupepesa mno, katika fani ambayo mwigizaji huonywa asipepese kamera inapomsogelea. Watani walizikusanya ishara hizi zikawa kichekesho cha mtandaoni kwa miaka: Bella, mhusika wake wa Twilight, asiyejua kufunga mdomo, Bella mwenye sura moja.

Hazikuzaliwa na Twilight. Ziko tayari katika Panic Room ya David Fincher, 2002, iliyopigwa akiwa bado mtoto. Anacheza Sarah, msichana mwenye kisukari aliyejifungia na mama yake katika chumba cha chuma huku majambazi wakirandaranda ndani ya nyumba. Mama huyo ni Jodie Foster, ambaye naye aliteuliwa kuwania Oscar akiwa na miaka 14 kwa Taxi Driver, kwa hiyo chumba kile kina watoto wawili wa sinema, mmoja keshavuka na mwingine hajui kama atavuka. Angalia Fincher anavyomtumia mtoto. Sarah ana kipimo cha sukari mkononi cha kusoma, ana tochi ya kuwashia na kuzimia ili jirani wa ng'ambo aone ishara ya kuomba msaada. Kusitasita kwake kunasomeka kama hesabu: mtoto anapima hatari, anapima sukari yake, anampima mama. Hakuna aliyelalamika wakati ule kwamba anapepesa macho.

Sasa ingia darasa la biolojia katika Twilight ya Catherine Hardwicke, 2008. Bella Swan ameketi meza moja na Edward Cullen, mbele yao hadubini, na kazi waliyopewa ni kutambua hatua za mgawanyiko wa seli za mzizi wa kitunguu. Hapo pana kila kitu ambacho mwigizaji wa aina hii angehitaji: chombo cha kuchezea, vioo vya kubadilisha, sababu ya kuinama na kuinuka. Hardwicke anaitupa yote. Hadubini inasukumwa huku na huku mara mbili tatu, kisha kamera inaiacha na kurukia nyuso, uso wa Bella, uso wa Edward, uso wa Bella tena, karibu kiasi kwamba huoni mabega, yote yakiwa yameoshwa kwa ile rangi ya buluu yenye ubaridi. Bella anaulizwa kwa nini amehamia mjini hapa na Stewart anajibu kwa vipande vyake vya sentensi. Katika umbali ule kila kipande kinakuwa tukio. Kumeza mate kunajaza skrini. Mkono unaopanda kwenye nywele unaingia kutoka chini ya fremu kama mkono wa mtu mwingine.

Simlaumu sana Hardwicke. Alikuwa na dola milioni 37, fedha ndogo kwa viwango vya Hollywood, na riwaya iliyosimuliwa yote kutoka ndani ya kichwa cha msichana anayetazama na kutazamwa. Aliutafsiri utazamaji huo kwa njia iliyo wazi zaidi, na filamu yake bado ni bora kuliko zote 4 zilizofuata. Ila matokeo kwa mwigizaji yalikuwa haya: Bella hana shughuli. Hapiki, maana yeye na baba yake wanakula mgahawani, anasoma kidogo, anaendesha gari lake bovu, anangoja. Mwili wa Stewart una umeme wa neva unaotafuta pa kutokea, na usipopewa mahali utatokea mdomoni na kwenye nywele.

Katika New Moon, mwaka 2009, Chris Weitz alilikubali jambo hilo waziwazi. Edward ameondoka. Bella ameketi kitini mbele ya dirisha na kamera inamzunguka polepole, na kila inapopita dirishani majira ya nje yamebadilika, majina ya miezi yakijitokeza kwenye skrini: Oktoba, Novemba, Desemba. Stewart hafanyi lolote. Nadhani hiyo ndiyo picha ya kweli kuliko zote katika mfululizo ule, kwa sababu hatimaye mwongozaji amekiri kwamba mhusika wake ni kitu kinachozungukwa. Filamu 5 za namna hiyo ziliingiza zaidi ya dola bilioni 3 duniani kote.

Nyota wa kike wa filamu za vijana akitaka kuvuka ana njia moja iliyokanyagwa sana. Atafute nafasi ya kushtua. Natalie Portman, aliyeanza mtoto katika Léon, alicheza mcheza uchi wa klabu katika Closer mwaka 2004 na akateuliwa kuwania Oscar. Anne Hathaway alitoka kwenye ubinti wa kifalme wa The Princess Diaries akaingia Havoc. Stewart naye aliijaribu: mwaka 2010 alikuwa Joan Jett katika The Runaways, ngozi nyeusi na gitaa, na mwaka 2012 alikuwa Marylou katika On the Road ya Walter Salles, ambamo alivua nguo. Si filamu mbaya. Lakini umbo la filamu hizo halikubadilika hata kidogo: msichana katikati, kamera ikimkodolea, tofauti ni kile anachoruhusiwa kuonyesha. Mtazamaji aliyemtazama Bella anatazama vilevile, ila sasa anaona zaidi.

Mlango wenyewe ulikuwa ajira.

Clouds of Sils Maria ya Olivier Assayas, 2014, inamhusu mwigizaji aliyefika umri wa makamo, Maria Enders, anayechezwa na Juliette Binoche. Akiwa na miaka 18 Maria alipata jina kwa kucheza Sigrid, msichana anayemteka kimapenzi mwajiri wake Helena hadi kumwangamiza. Sasa anatakiwa kurudi kwenye tamthilia ile ile, safari hii kama Helena, na Sigrid apewe Jo-Ann Ellis, nyota mchanga wa Hollywood ambaye kashfa zake zimejaa mitandaoni. Wakati wa kupiga picha Stewart alikuwa na miaka 23, wapigapicha wa udaku wakimwandama kila kona. Nafasi ya Jo-Ann ilikuwa kama imekatwa kwa kipimo chake. Imechezwa na Chloë Grace Moretz. Stewart ni Valentine, msaidizi wa Maria, yule anayejua treni inaondoka saa ngapi.

Filamu inaanzia ndani ya treni hiyo, ikielekea Zürich, na dakika zake za kwanza zinastahili kuangaliwa mara mbili. Valentine amesimama kwenye ujia wa behewa na simu mbili. Anapokea hii, anaitazama ile, anajiegemeza ukutani treni inapoyumba, mtandao unakatika, anapiga tena. Sentensi zimekatika kama za Bella, ila sasa zinakatizwa na mtu wa upande wa pili. Mkono unapanda kwenye nywele, ila ni mkono ulioshika simu. Miwani inapanda na kushuka. Hakuna hata ishara moja mpya. Assayas amesogea nyuma hatua mbili ili tuone mwili mzima na behewa linalousukasuka, akaacha picha iende bila kukatakata, na kile kilichoitwa udhaifu kwa miaka mitano kikawa picha kamili ya mtu aliyezidiwa na kazi na anayeiweza.

Kisha mazoezi. Maria na Valentine wamejichimbia katika nyumba ya milimani, Sils Maria, wakipitia tamthilia. Maria anasoma Helena, Valentine anamsomea Sigrid. Valentine si mwigizaji, kwa hiyo anasoma bila madoido, haraka, sauti moja, jicho kwenye karatasi na sigara mkononi. Fikiria ugumu wa kazi hiyo kwa Stewart. Mwanamke aliyetangazwa kuwa hajui kuigiza anacheza mtu asiyejua kuigiza, mbele ya Juliette Binoche, anayeigiza mtu anayeigiza. Ukavu wa Stewart, ule wa kusema maneno kana kwamba yanaungua mdomoni, unageuka silaha: Sigrid akisomwa hivyo anakuwa katili kuliko ambavyo mwigizaji yeyote mwenye machozi angemfanya. Maria anaugulia kila neno, Valentine analitupa tu, na ndiye anayeshinda.

Uhariri unashiriki. Mara kadhaa Assayas anaanzisha onyesho katikati ya mazungumzo, wanawake hawa wawili wakisemezana kwa uchungu, na hatujui ni ugomvi wao au wa tamthilia mpaka mmoja ainame kutafuta mstari. Ufundi huu ungeanguka kama waigizaji wote wawili wangekuwa na sauti moja ya jukwaani na nyingine ya nyumbani. Stewart hana sauti mbili. Anasoma Sigrid kama anavyozungumza akiwa Valentine, na kwa sababu hiyo mpaka kati ya maandishi na maisha unapotea bila mwongozaji kulazimika kuuficha.

Halafu anatoweka. Wanatembea mlimani kwenda kuyaona yale mawingu yanayojipinda kupita bonde la Maloja, wakibishana kuhusu mwisho wa tamthilia, kama Helena anakufa au anaondoka tu. Valentine anashuka nyuma ya mwinuko wa ardhi na harudi. Maria anaita. Filamu haielezi, haimtafuti, inaruka hadi London ambako Maria ana msaidizi mwingine. Ni kuondoka kwa mfanyakazi aliyechoka, bila barua. Twilight ilimfanya Bella kuwa kiini cha kila fremu kwa filamu 5. Hapa Stewart anaachia fremu kabla filamu haijaisha, na pengo lake ndilo tunaloliangalia.

Mwaka huo huo alikuwa mlinzi wa gereza la Guantánamo katika Camp X-Ray, filamu ya kawaida kwa jumla, lakini yenye wazo moja zuri: kazi ya mhusika wake ni kupita mlango hadi mlango akichungulia vidirisha vya mahabusu. Safari hii yeye ndiye mtazamaji, kwa mshahara.

Personal Shopper, 2016, ni ya Assayas tena, na ilizomewa na waandishi wa habari Cannes kabla jopo halijampa Assayas tuzo ya uongozaji, akigawana na Cristian Mungiu. Maureen anawanunulia matajiri nguo Paris, huku akingoja ishara kutoka kwa pacha wake Lewis aliyefariki kwa tatizo la moyo alilonalo yeye pia. Kazi yake ni kushika vitu visivyo vyake. Inua gauni, likadirie, litie mfukoni, libebe kwa pikipiki, litundike kwenye nyumba ya mtu asiyekuwepo. Stewart anazishika nguo zile kwa wepesi wa mtu aliyezichoka, na onyesho la kuzijaribu kwa siri, jambo alilokatazwa, linatisha kuliko mizimu yote ya filamu ile.

Lakini kinachonivuta zaidi ni safari ya treni kwenda London na kurudi. Namba asiyoifahamu inamtumia ujumbe. Maureen anajibu. Kwa sehemu ndefu ya filamu hakuna wa kuzungumza naye; kuna kioo cha simu, vidole gumba viwili, na uso. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Kusita kwake sasa kunaonekana mahali pawili kwa wakati mmoja: usoni, na kwenye maneno yanayojitokeza na kurudi nyuma. Baadaye, akiwa amezima mtandao na kuuwasha tena, ujumbe uliokwama unamiminika mfululizo, kila mmoja ukimsogeza mwandishi wake karibu zaidi na mlango, na Maureen amebaki kusoma tu. Mwigizaji mwingine angepiga kelele. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ambako msimuliaji huifasiri filamu kwa sauti yake juu ya sauti ya waigizaji, onyesho hili lingekuwa mtihani, kwa sababu hakuna kimya anachokiacha kikae, na Stewart hapa ni kimya kitupu.

Filamu inaishia Oman. Mpenzi wa Maureen ana kazi huko, tumemwona tu kwenye kompyuta, na mwisho dada huyu anapanda hadi nyumba ya milimani ambako hodi zinajibu maswali yake. Kwa Assayas, Oman ni mahali pa mbali kiasi cha mzimu kupotelea. Msomaji wa Unguja au Mombasa mwenye shangazi Muscat atatabasamu kidogo. Kwetu ni mahali pa kupiga simu siku ya Idi. Hata hivyo swali la mwisho la Maureen linasimama: je, ni wewe, Lewis, au ni mimi tu? Hodi inasikika na skrini inakuwa nyeupe.

Mwaka huo huo Kelly Reichardt alimpa nafasi ndogo kuliko zote, na kwangu ndiyo kubwa. Katika sehemu ya tatu ya Certain Women, Beth Travis ni wakili mchanga anayeendesha gari kwa saa 4 kwenda kufundisha sheria za shule darasa la jioni huko Belfry, Montana, na saa 4 kurudi. Jamie, mfanyakazi wa shamba la farasi anayechezwa na Lily Gladstone, anaingia darasani kwa bahati na kumpenda. Baada ya kipindi wanakaa mgahawani. Jamie hali, anatazama. Beth ana njaa, ana safari, kesho ana kazi. Anakula huku akizungumza, na anajifuta mdomo kwa leso ya karatasi ambayo bado imefungwa kuzunguka kisu na uma. Hajaifungua. Analishika fungu zima, anajifuta, analirudisha mezani.

Umbo la onyesho hili ni lile la maabara ya Twilight: watu wawili, meza moja, mmoja amemkazia mwenzake macho. Ila Bella alijua anatazamwa, na kila ishara yake ilikuwa jibu. Beth hajui. Uchovu umemziba. Reichardt anaikaza kamera yake kwa Gladstone, anatuachia Stewart kama kitu ambacho mtu mwingine anakitamani, na Stewart anaitikia kwa kutotoa chochote, hata pale Jamie atakapoendesha gari usiku kucha hadi mjini kwake na kumweleza sababu. Beth anasimama tu kwenye maegesho. Mwigizaji aliyekuwa kiini cha mapenzi maarufu kuliko yote ya muongo wake anakataa kumsaidia mtazamaji kuelewa anachohisi.

Spencer ya Pablo Larraín, 2021, ndiyo iliyompa uteuzi wa Oscar, na watu wengi huichukulia kuwa kilele. Siafiki. Kuna mazuri: mwanzo, Princess Diana akiwa amepotea njia anaingia mgahawa wa kando ya barabara kuuliza alipo, na kila mtu anamjua isipokuwa yeye mwenyewe. Wazo la filamu nalo ni kali, kwa maana linamnyang'anya kazi zote. Nguo zimepangwa kwa kila mlo, mapazia yameshonwa yasifunguke, hakuna linaloachwa kwa mikono yake. Ni Bella kitini tena, safari hii kiti kikiwa kasri la Sandringham. Tatizo ni kwamba Larraín hatosheki. Diana anakata mkufu wa lulu, lulu zinaanguka kwenye supu, anazila, muziki unapanda, na mimi nimeshaelewa kabla kijiko hakijafika mdomoni. Stewart anainamisha kichwa kama Diana wa kwenye picha, ananong'ona kama Diana, na anafanya vizuri. Lakini ishara za kuazima zinamzuia kutumia zake, na kamera imerudi kuning'inia sentimita chache kutoka puani mwake kana kwamba miaka 13 haikupita.

Nampenda zaidi Lou, meneja wa jimu huko New Mexico katika Love Lies Bleeding ya Rose Glass, 2024, ambaye tunamkuta mara ya kwanza akizibua choo kilichoziba, mkono ndani. Hakuna anayemwangalia. Ana haraka, ana kinyaa, ana jioni nzima ya kufunga milango, na zile nywele anazirudisha nyuma kwa kiwiko. Mwaka uliofuata alipeleka Cannes filamu ndefu ya kwanza aliyoiongoza mwenyewe, The Chronology of Water. Nafasi kuu amempa Imogen Poots.